Haya Isituzuie Kusema: Somo Kuhusu Uvimbe Sugu wa Utumbo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wetu hatulitaji hata mbele ya mama zetu: damu katika haja kubwa, na kuhara kusikokwisha. Nimelichagua kwa sababu ya ndugu yetu mmoja wa Dzaleka. Amenipa ruhusa niyaandike yaliyompata bila kumtaja jina.

Ndugu huyu alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Kisha tukamwona anasimama safu ya mwisho, karibu na mlango. Baadaye akawa hafiki kabisa. Sisi wenzake tukasema imani imempungua, na wengine tukasema amepata marafiki wabaya. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Kumbe tangu Ramadhani iliyopita alikuwa akienda chooni mara sita, mara saba kwa siku, na choo kina damu. Akisimama kuswali, anahofia rakaa ya pili haitamkuta na udhu.

Alikwenda kituoni mara nne katika miezi kumi na moja. Kila alipofika alisema, "Tumbo linanisumbua tangu juzi." Aliona aibu kusema "tangu Ramadhani." Kwa hiyo kila mara aliandikiwa dawa za kuhara damu kwa siku chache, akapata nafuu kidogo, akarudi nyumbani. Katikati ya safari hizo alijinunulia Flagyl dukani. Siku aliyoanguka akiwa kwenye foleni ya maji, ndipo ilipojulikana kwamba damu yake mwilini imepungua mno. Alipewa rufaa, akaongezwa damu, akapimwa ndani ya utumbo, na ugonjwa ukapata jina.

Ukiyasoma maandishi ya zile safari nne, kila moja ni kweli peke yake: mtu anahara damu kwa siku mbili. Lakini hakuna aliyeiona miezi kumi na moja, kwa sababu haikuandikwa popote wala haikusemwa. Ndilo jambo ninalotaka tulishike katika somo hili: kuna magonjwa yasiyoonekana kwa siku moja, yanaonekana kwa hesabu. Na mwenye kuiweka hesabu hiyo ni mgonjwa mwenyewe.

1. Dini ilitufundisha kuuliza na kuhesabu

Tuanze na haya. Haya ni sehemu ya imani, na hakuna anayebishana na hilo. Lakini masahaba walijua kuipambanua haya inayomzuia mtu na maasi na aibu inayomzuia na haki yake.

Ummu Sulaym (R.A.) alipotaka kumuuliza Mtume (S.A.W.) jambo la ndani la wanawake, alitanguliza kwanza kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, kisha akauliza waziwazi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Naye Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akitokwa na madhii kwa wingi. Alishindwa kumuuliza Mtume (S.A.W.) kwa sababu alikuwa mkwewe. Je, alinyamaza? Hapana. Alimtuma Al-Miqdad (R.A.) akaulize kwa niaba yake, na jibu likapatikana. Hapa mna mlango mpana: ukishindwa kusema mwenyewe, mtume unayemwamini. Kilichokatazwa ni kukaa na tatizo bila kuuliza.

Sasa tazama Fatima binti Abi Hubaysh (R.A.). Alikuja akilalamika kwamba damu haimkatiki, akauliza kama aache swala. Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa ile si hedhi bali ni mshipa, na akampa njia ya kutenganisha siku za hedhi na zisizo za hedhi. Katika mapokezi mengine ya mlango huo huo, mwanamke anaambiwa atazame rangi ya damu, na mwingine anaambiwa ahesabu siku na mikesha aliyokuwa akiizoea kila mwezi. Rangi, idadi, muda, na mazoea ya kabla ya maradhi. Hayo hayo manne ndiyo daktari wa utumbo atakayokuuliza leo. Wanafunzi wa fiqhi tunausoma mlango wa istihadha kila mwaka, na hatufikirii kwamba ndani yake tumefundishwa pia namna ya kuufuatilia mwili.

2. Ugonjwa wenyewe ni upi?

Uvimbe sugu wa utumbo, ambao hospitalini utausikia ukiitwa kwa herufi IBD, ni jina la maradhi yanayofanya ukuta wa utumbo uvimbe na kuchubuka kwa muda mrefu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaushambulia utumbo wenyewe. Wataalamu wanaona kwamba mambo kadhaa hukutana: urithi wa kifamilia, vijidudu vinavyoishi tumboni, na mazingira. Hauambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kutumia choo kimoja. Haukuletwa na dhambi fulani, wala si lazima kumtafuta jirani aliyekuroga.

Aina zake kubwa ni mbili.

*Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana.* Huu hukaa katika utumbo mpana tu. Huanzia sehemu ya mwisho, karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda juu bila kuruka mahali. Huchubua ngozi ya ndani ya utumbo, ndiyo maana damu na ute ni dalili zake kuu. Usiuchanganye na vile vidonda vya tumbo tulivyozoea, vinavyochoma chini ya kifua mtu akiwa na njaa.

*Ugonjwa wa Crohn.* Umepewa jina la Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932, yeye na wenzake wawili wa hospitali ya Mount Sinai, New York, waliandika habari za wagonjwa waliovimba mwisho wa utumbo mwembamba. Huu unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Huruka sehemu na kuacha nyingine nzima, na huingia hadi ndani ya ukuta wa utumbo. Kwa hiyo unaweza kuleta mibano inayozuia chakula kupita, majipu, au vijitundu vya usaha pembeni ya njia ya haja kubwa.

Maradhi haya huwaanza watu wengi wakiwa vijana, kati ya miaka 15 na 35, yaani umri wetu sisi tunaosoma jarida hili. Kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa maradhi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Siku hizi yanatambuliwa zaidi na zaidi Afrika na Asia, na mahali pasipo na vipimo mtu anaweza kuugua miaka bila kupewa jina la ugonjwa wake.

Tabia yake ni kuja na kuondoka. Kuna vipindi vya kuchachamaa na vipindi vya utulivu. Kipindi cha utulivu ndicho kinachotudanganya: mtu huona amepona, anatupa dawa, anasahau.

3. Dalili za kuangalia

Malawi ilipatwa na kipindupindu kikali sana mwaka 2022 na 2023. Watu zaidi ya 1,700 walifariki nchini. Tangu hapo kila mtoto anajua kwamba kuhara maji ni jambo la kukimbilia hospitali, na hivyo ndivyo ilivyo, kwa sababu kipindupindu kinaua kwa saa chache. Lakini kuhara tunakokuzungumzia hapa kuna mwendo mwingine. Kunakwenda kwa wiki na miezi. Angalia haya:

- Kuhara au choo kulegea kwa zaidi ya wiki nne, au kunakokwisha na kurudi tena na tena.
- Damu au ute katika choo.
- Haja inayobana ghafla, isiyongoja.
- Kuhisi haja bado ipo hata baada ya kutoka chooni, na ukirudi hupati kitu ila ute kidogo.
- Kuamshwa usingizini na haja. Tumbo lililosumbuliwa na wasiwasi wa mitihani kwa kawaida hulala mwenyewe akilala. Tumbo lenye uvimbe haliheshimu usiku.
- Tumbo kusokota, hasa upande wa chini.
- Kukonda bila kukusudia, homa ndogo ndogo, uchovu usioondoka kwa kulala.
- Dalili za upungufu wa damu: weupe ndani ya kope, moyo kwenda mbio na pumzi kukatika ukipanda kilima kidogo.
- Dalili za nje ya tumbo: viungo kuuma na kuvimba, jicho kuwa jekundu lenye maumivu, vidonda mdomoni, au manundu yenye maumivu kwenye miundi.

Kuwa na moja kati ya hizi hakumaanishi una ugonjwa huu. Ila damu, kuamka usiku na kukonda ni mambo matatu ambayo hayapaswi kuachwa hata kama mtu ni kijana mwenye nguvu.

4. Yanayofanana nao

Hapa lazima tuwe waadilifu. Katika mazingira yetu, anayehara damu mara nyingi ana kitu kingine: kuhara damu kwa bakteria, amiba, au kichocho cha utumbo kwa waliooga au kuvua katika ziwa na mito. Bawasiri nayo hutoa damu, nyekundu ya kung'aa, mara nyingi juu ya choo kigumu. Kifua kikuu kinaweza kukaa utumboni na kufanana sana na ugonjwa wa Crohn. Virusi vya Ukimwi huleta kuhara kwa muda mrefu, na saratani ya utumbo huleta damu na kukonda.

Kwa hiyo tusijipe jina la ugonjwa wenyewe. Vipimo vya choo na vya damu huanza, kisha panapohitajika daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, kipimo kiitwacho kolonoskopi, na kuchukua vipande vidogo vya kupimwa. Umuhimu wa kupambanua ni mkubwa, kwa sababu dawa zinapingana. Prednisoloni inayotuliza uvimbe huu inapunguza kinga ya mwili. Mwenye kifua kikuu au amiba akipewa dawa hiyo kwa makosa, anaweza kudhurika vibaya. Ndiyo maana kuazimana vidonge kwa jirani mwenye dalili kama zako ni hatari.

5. Mstari mmoja kwa siku

Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walitoa kipimo cha kujua ukali wa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Kimejengwa juu ya nini? Idadi ya kwenda chooni kwa siku, damu, joto la mwili, mapigo ya moyo, na vipimo viwili vya damu vya maabara. Vinne vya mwanzo mtu anaweza kuvifuatilia nyumbani. Usidharau daftari lako.

Chukua daftari la kawaida. Kila siku baada ya Isha andika mstari mmoja wenye mambo haya:

1. Nimekwenda chooni mara ngapi tangu Alfajiri.
2. Usiku uliopita, kati ya kulala na Alfajiri, niliamka mara ngapi.
3. Damu: hakuna, michirizi, imechanganyika na choo, au damu tupu. Akina dada waandike pia kama walikuwa katika hedhi, ili damu ya njia moja isidhaniwe ni ya nyingine.
4. Maumivu, kwa namba kuanzia 0 hadi 10.
5. Homa, kama ipo, na kipimo chake kama unacho kipimajoto.
6. Dawa niliyokula au niliyoikosa, pamoja na dawa za dukani na za miti shamba. Usifiche hizi.
7. Jambo lisilo la kawaida: jicho, viungo, kutapika, chakula kilichonisumbua.

Mara moja kwa wiki, andika uzito. Kama huna mizani, tumia mkanda: tundu gani linafunga leo, na lipi lilifunga mwezi uliopita.

Mfano wa mistari miwili:

*Jumatatu. Mchana 5, usiku 2. Damu imechanganyika. Maumivu 6. Homa hakuna. Flagyl siku ya 3. Goti la kushoto limevimba.*

*Alhamisi. Mchana 4, usiku 1. Michirizi. Maumivu 4. Homa hakuna. Flagyl siku ya 6. Goti bado.*

Wiki mbili za mistari kama hiyo zinamwambia daktari mambo ambayo dakika tano za maswali hazitayatoa.

Najua kikwazo kimoja. Vyoo vya shimo ni vya giza, na aliye kambini anachangia choo na familia nyingine. Wengi hawajui kama wana damu kwa sababu hawajawahi kuona. Tumia tochi ya simu, na utazame rangi ya maji unapostanji. Ikiwa una mashaka, tumia kopo kuukuu mara moja, utazame, kisha umwage na uoshe vizuri. Si najisi kutazama, na ni sehemu ya kuutunza mwili ulioaminiwa nao.

6. Siku ya kutongoja

Usisubiri daftari lijae, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

- Kwenda chooni mara sita au zaidi kwa siku na damu, pamoja na homa ya zaidi ya 37.8 au moyo kupiga zaidi ya mara 90 kwa dakika ukiwa umepumzika. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili.
- Tumbo kuvimba, kuwa gumu na kuuma sana.
- Kutapika huku choo na hewa havitoki.
- Kizunguzungu cha kuanguka, au damu nyingi kwa mkupuo.
- Uvimbe wenye maumivu na homa pembeni ya njia ya haja kubwa.

Katika hali hiyo usinywe dawa ya kufunga kuhara, kwani utumbo uliovimba sana unaweza kutanuka na hata kupasuka. Aliyekwisha kujulikana kuwa na ugonjwa huu ajihadhari pia na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, maana zinaweza kuuchochea. Na anayetumia prednisoloni asiiache ghafla, bali aipunguze kama alivyoelekezwa. Sigara nayo huuzidisha ugonjwa wa Crohn.

7. Kwenda kituoni

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu 10 hadi 12. Leo ina zaidi ya elfu 50, na kituo chake cha afya kinahudumia pia wanavijiji wa jirani. Mhudumu ana foleni mbele yake. Lugha yake ni Kichewa, yetu ni Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda au Kisomali. Mara nyingine mkalimani ni jirani yako, na habari ya choo chako hutaki aijue.

Hapo ndipo karatasi inapokuwa na faida mbili: inasema bila aibu, na inasema bila mkalimani. Jifunze maneno machache. Kuhara kwa Kichewa ni *kutsegula m'mimba*. Damu ni *magazi*. Andika juu ya ukurasa, kwa Kiingereza rahisi au Kichewa, umeanza lini kuumwa, na usione haya kuandika tarehe ya kweli.

Kisha kuna ile pasipoti ya afya, kitabu kidogo ambacho Malawi mgonjwa hukaa nacho mwenyewe. Usikiache nyumbani, na usinunue kipya kila safari. Kumbukumbu zako hazikai hospitalini, ziko mkononi mwako. Ukipewa rufaa kwenda Lilongwe, katika hospitali kuu ya Kamuzu, safari hiyo inataka kibali na nauli. Ukifika bila kitabu na bila daftari, unaanza upya kama mtu aliyeugua jana.

Maneno matatu ya kumwambia mhudumu, hata kama umesahau yote: nimeanza lini, kuna damu, naamka usiku. Ukitibiwa kuhara damu na hujapona, rudi ukaseme hujapona. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtu ambaye ndugu yake alisumbuliwa na tumbo. Mtume (S.A.W.) akaagiza apewe asali. Tunaikumbuka asali, ila tunasahau kwamba mtu yule alirudi zaidi ya mara moja kuleta habari kuwa kuhara kunazidi, na hakukemewa kwa kurudi. Tuchukue adabu hiyo ya kurudi. Wala isitumike hadithi hiyo kumzuia mgonjwa asiende kupimwa, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliamrisha kutafuta tiba.

8. Twahara, swala na saumu

Mgonjwa wetu aliacha jamaa kwa kudhani swala yake haifai. Laiti angeuliza! Haya ndiyo tunayoyasoma:

*Twahara.* Kinachotoka katika njia mbili hutengua udhu. Lakini ikiwa kinatoka mfululizo, mtu hapati muda wa kutosha kujitwahirisha na kuswali, huyo ana hukumu ya mwenye udhuru, kama mwenye istihadha. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunaifuata, anangoja wakati uingie, anastanji, anaweka kitambaa au pedi, anatawadha na kuswali bila kuchelewa. Udhu huo ni wa faradhi moja, na sunna kadiri apendavyo. Kwa Hanafi udhu mmoja wa mwenye udhuru unatosha mpaka wakati wa swala hiyo utoke. Ikiwa kuna nafasi ya utulivu ndani ya wakati, aswali katika nafasi hiyo. Na daftari lile lile litamwonyesha saa ipi tumbo lake hutulia.

*Jamaa.* Imesihi katika Muslim kwamba mtu asiswali huku anapambana na haja mbili. Kwa hiyo kutoka katika safu kwa ajili ya haja si aibu, ni kutekeleza sunna. Maradhi ni udhuru wa kuacha jamaa, na kusimama karibu na mlango hakumpunguzii mtu kitu.

*Kuchanganya swala.* Wanachuoni wametofautiana kuhusu mgonjwa. Hanbali wanaruhusu, na miongoni mwa Mashafi, Imam An-Nawawi aliiona kauli ya ruhusa kuwa na nguvu. Mwenye hali ngumu amuulize sheikh wake.

*Saumu.* Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Anayehara damu hupoteza maji, chumvi na damu, na dawa zake zina saa zake. Katika kipindi cha kuchachamaa asijilazimishe. Akitulia, na daktari mwaminifu akimruhusu, alipe. Asiye na tarajio la kuweza kulipa hutoa fidia, na kwa Mashafi ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mahali kwa kila siku, apewe maskini.

*Wasia kwa mwenye kukata tamaa.* Hadithi sahihi inamhesabu aliyekufa kwa maradhi ya tumbo miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni bishara kwa aliyefikwa na ajali yake. Si ruhusa ya kuacha matibabu.

9. Na sisi wengine?

Ugonjwa huu kwa kawaida hautibiki ukaisha kabisa, ila unatulizwa, na wengi wanasoma, wanaoa, wanaolewa na kufanya kazi. Aliyeugua utumbo mpana kwa miaka minane au kumi atahitaji kupimwa tena na tena kwa sababu ya hatari ya saratani. Kwa hiyo ni safari ndefu, na safari ndefu inataka wenza. Tunaweza kumchangia nauli ya rufaa. Tunaweza kumwachia mahali pa mwisho wa safu bila kumtupia macho. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kumsindikiza, awe Miqdad wake.

Na tusimuulize mtu "mbona umeacha msikiti?" kabla ya kumuuliza "hujambo?" Ndugu yetu amerejea. Anameza dawa zake, daftari lake limo mfukoni, na anasimama karibu na mlango. Aliponipa ruhusa ya kuandika alisema jambo moja tu: angeulizwa mapema, angesema mapema.

Maswali ya darasa

1. Kuna tofauti gani kati ya haya ya Sayyidna Ali (R.A.) na aibu ya mgonjwa wetu?
2. Taja dalili tatu zisizopaswa kuachwa kwa kijana anayehara.
3. Kwa nini ni hatari kuazima prednisoloni ya jirani?
4. Mwenye udhuru wa kuhara mfululizo ataswali vipi Adhuhuri kwa madhehebu ya Shafi, na ataswali vipi kwa Hanafi?
5. Je, yupo mtu katika safu yenu ambaye hamjamwona mwezi huu? Nani atakwenda kumjulia hali?

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wale wanaosema na wale waliojificha. Tupe ndimi za kuuliza na masikio ya kusikiliza. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.